Kazi isiyotoa tani: ginsi wanasafisha systemd

Kila asubui kwenye biro yetu ya sindika, ordinatere ilikuwa inatuomba subira. Mama sekretere anafika, anabonyeza kifungo, mistari inaanza kupita kwenye ekra, mingi iko na neno OK ya rangi ya majani. Kisha mustari mumoja unasimama. Nyota nyekundu zinatembea kushoto na kuume, na mashini inaanza kuhesabu: segonde kumi, makumi mbili, mpaka dakika moja na segonde 30. Nyuma ya pale inasema kwa Kiingereza kama imeshindwa, na inaendelea tu. Mama sekretere alikuwa amezoea. Ile dakika moja na nusu njo ilikuwa saa yake ya kuweka maji ya chai kwenye moto.

Sisi wote tulizoea. Karibu miaka miwili hakuna mutu aliyeuliza kitu.

Siku moja kijana, mutoto wa mwenzetu wa zamani wa forage, alikuja kutuangalilia imprimante. Alisoma enformatiki kule Lubumbashi. Akaona zile nyota nyekundu, akauliza: «Papa delege, munangojea nini kila siku?» Tukamujibu: «Njo vile iko, mutoto. Inatembea, tuiache.» Akacheka kidogo kwa heshima. Akasema: «Papa, anayengojea ni systemd. Na yule anayemungojea, alikufa zamani.»

Tukamupatia kiti. Alikaa mpaka jioni, akarudia siku ingine mbili. Yenye tunaandika hapa tulianza kuisikia kwake, kisha tukaenda kuisoma sisi wenyewe polepole. Wandugu watatuuliza: sindika ya mine inatafuta nini ndani ya mambo ya ordinatere? Musome kwanza.

Namba moja

Tuanze na Linux. Ni programu ya chini kabisa inayotembeza mashini, iliyoanza mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi kule Helsinki, Finland. Maandishi yake, yaani kode, iko wazi: kila mutu anaweza kuisoma, kuibadirisha, kuigawa kwa wengine. Serveri nyingi za dunia zinatembea na Linux. Telefone za Android pia ziko na kiini cha Linux ndani, hata kama juu ya kile kiini wao wako na mambo yao ingine. Shaba yetu iko ndani ya nyuzi za zile mashini zote, kobalti iko ndani ya batri za telefone. Kumbe hatukuwahi kuuliza ni nini kinatembea juu ya shaba yetu.

Ukiwasha mashini, kiini njo kinaamka kwanza. Lakini kiini hakitembezi kazi za watu. Kinaita programu moja, moja tu, kinaipatia namba 1. Ile namba 1 njo inaita wengine wote: diski, saa, intaneti, imprimante, ekra ya kuandikia jina lako. Programu iliyozaa ingine ikikufa, yatima wake anarudishwa kwa namba 1. Na namba 1 yenyewe ikikufa, kiini kinasimamisha kila kitu. Hakuna namba 2 ya kumukamatia nafasi.

Kwa sisi, tungesema ni shefu wa posti aliyesimama kwenye mulango wa shimo. Anajua nani ameshuka, nani hajapanda, ventilateri imewaka ao hapana, pompi inavuta maji ao hapana, na haruhusu ekipi ya kupasua mawe ishuke mbele ya ile ya kuangalia paa. Kwenye ordinatere nyingi za Linux za leo, yule shefu anaitwa systemd.

Mbele yake, kazi ile ilifanywa na maandishi madogo madogo yaliyopangwa kwa namba, desturi iliyotoka kwenye Unix ya zamani yenye walikuwa wanaita System V. Moja inamaliza, ingine inaanza. Ni sawa kushusha posti nzima na kaje moja, watu wawili wawili: saa sita wengine wangali juu. Tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka wa 2010, Lennart Poettering, Mujerumani, akatangaza ile aliyokuwa anatengeneza pamoja na Kay Sievers: namba 1 mupya anayeshusha wengi kwa mara moja, na anayekumbuka kila mutu mpaka atoke. Fedora 15 iliikamata mwaka wa 2011. Kwa Debian ilikuwa kesi kubwa. Mwezi wa 2 mwaka wa 2014 komite yao ya ufundi ilipiga kura, ine kwa ine, na sauti ya prezida njo ilikata. Wale wanaojua mikutano ya sindika wanajua namna watu wanarudi kwao nyuma ya kura ya vile. Wengine walitoka, wakaanzisha Debian yao isiyo na systemd, wakaiita Devuan. Ubuntu iliingia mwaka wa 2015.

Wapinzani walisema, na wangali wanasema, kama ile programu inakula kazi za wengine: mwanzo ilikuwa shefu wa posti, leo inashika daftari ya kila tukio, saa, majina ya intaneti, kuingia na kutoka kwa watu. Tunaona wako na sehemu ya haki. Lakini matusi na vitisho ambavyo Poettering alieleza waziwazi mwaka wa 2014, ile haiko kupinga kazi, ni kushambulia mufanyakazi.

Turudi kwenye kazi.

Milioni moja ya mistari

Ukihesabu yote, kode ya systemd imepita mistari milioni moja. Watu zaidi ya elfu moja wameweka mukono ndani, wengine mara moja tu, wengine kila siku tangu miaka. Imeandikwa kwa luga inayoitwa C, ya miaka ya 1970, luga ya nguvu na isiyo na huruma. Ndani yake, kila programu inayotaka nafasi ya memoari inaomba, inatumia, kisha inarudisha. Yenyewe. Hakuna mutu wa kuikumbusha.

Munajua lampisteri. Unaacha jetoni yako, unakamata lampi. Ukipanda, unarudisha lampi, jetoni inarudi. Sasa muwaze mine ambayo watu wanakamata lampi na mara mumoja kati ya mia anasahau kurudisha. Leo hakuna kitu. Nyuma ya mwezi, rafu iko mutupu na posti ya usiku haishuki. Kwa ordinatere, ile njo memoari inayovuja. Na iko mubaya zaidi: mutu anarudisha lampi moja mara mbili. Daftari inasema ziko mbili, mutu mwingine anapewa jetoni ya lampi isiyokuwako. Pale programu inaanguka, ao mwizi anapata mulango.

Watu wa systemd walitafuta dawa. Pale mutu anaandika kama anakamata memoari, anaweka mbele yake alama moja, _cleanup_, maana yake kusafisha. Ile alama inasema: kazi ikiisha, kwa njia yoyote iliyoisha, vizuri ao vibaya, ile memoari irudi yenyewe. Sawa lampi inayojiondoa kwenye kaske ukipita mulango. Luga C ya kawaida haina kitu kile. Ni vyombo vinavyogeuza kode kuwa programu, sawa GCC, vilivyokileta. Lakini alama ni sherti iwekwe na mukono wa mutu, na kode ya zamani iliandikwa bila ile alama. Basi wanarudi nyuma. Mwaka kwa mwaka wanafungula sehemu za zamani, wanaondoa kurudisha kwa mukono, wanaweka alama. Mashini inayotumia ile kode haitaona tofauti yoyote. Haitakimbia zaidi. Hakuna kifungo kipya kwenye ekra.

Kijana alituonyesha orodha ya mabadiriko yao. Kila badiriko liko na jina la sehemu mbele: la diski, la intaneti, la daftari. Lakini mengine yanaanza na maneno ya Kiingereza, tree-wide, yaani mti muzima. Ile njo mutu aliyepita kode yote, kutoka mizizi mpaka majani, juu ya kitu kimoja kidogo: neno lililoandikwa namna mbili, kazi ileile iliyoandikwa mara makumi mbili na watu makumi mbili, kipande kinachoita vyombo visivyotumiwa tena. Tulisoma mingi ya vile. Kusema kweli, inachokesha. Njo pale tulianza kuiheshimu.

Kwa kazi ya mti muzima wako na chombo, na hapa mutacheka. Kinaitwa Coccinelle, sawa kale kadudu kekundu ka madoa kanakokula wadudu wa mimea. Unakiandikia: kila pahali ambapo wamefanya kitu hiki kwa namna hii ya zamani, weka namna ile mupya. Chenyewe kinapita kila karatasi. Na kilizaliwa wapi? Kwenye École des Mines ya Nantes, Ufaransa, pamoja na universite ya Copenhagen. Kwanza ilikuwa kwa ajili ya kiini cha Linux, kisha systemd nao wakakikamata. Watoto wetu wanaota École des Mines juu ya migodi. Kumbe kule wanatoa hata wafagizi wa kode.

Mashini ingine, inayoitwa Coverity, inasoma kode yao na kusema: hapa kuna hatari. Ingine tena, OSS-Fuzz ya Google, inaitupia programu takataka mchana na usiku, maneno yasiyo na maana, namba kubwa kupita kipimo, kuona kama itaanguka. Ni sawa yule muzee anayepiga paa ya galeri na chuma ndefu na kusikiliza. Jiwe lenye kushika linalia. Lenye kulegea linajibu kwa sauti ya boksi tupu. Analiangusha yeye mwenyewe, akiwa amesimama pazuri, mbele halijachagua lenyewe nani wa kuangukia.

Kwetu, mine moja ambayo hatutaitaja ilipunguza watu wa chuma ndefu. Mukubwa alisema mbele yetu, karatasi mukononi: «Hii ekipi haitoi hata tani moja.» Ilikuwa kweli, hawakutoa tani. Nyuma ya miezi michache paa ikaanguka saa ya kubadirisha posti. Mungu alisaidia, galeri ilikuwa tupu. Sisi tulikuwa tumepita pale dakika chache mbele.

Usafi ulioleta tundu

Lakini tusidanganyane, kusafisha nako kunaweza kuua. Hii njo sehemu iliyotukamata zaidi, na tulimuomba kijana aieleze mara tatu.

Mwaka wa 2015, kwenye toleo namba 220, mutu wa systemd alipanga upya sehemu inayotengeneza majina ya kazi. Kazi nzuri, sehemu ile ilikuwa imechafuka. Mule ndani kulikuwa pahali ambapo programu inakopi jina la njia ya diski. Zamani ilikuwa inaenda kuomba nafasi kwenye depo kubwa ya memoari. Kwenye mupango mupya ikawa inaiweka juu ya meza yake ya kazi. Ni nyepesi, na huna tena kitu cha kurudisha: kazi ikiisha meza inafutwa. Neno lililobadirika liliongezwa herufi moja tu, strdup ikawa strdupa.

Meza ile, kwa kawaida, iko na megaokteti 8. Nani ataandika jina la njia lenye herufi milioni nane? Hakuna mutu wa kawaida. Lakini mutu wa ubaya anaweza. Anatengeneza kabati ndani ya kabati ndani ya kabati, maelfu na maelfu, kisha anafungia diski kule chini kabisa. Namba 1 inasoma jina, inalimwaga juu ya meza, meza inavunjika, namba 1 inakufa. Na munakumbuka: namba 1 ikikufa, kila kitu kinasimama. Hakuhitaji ruhusa ya mukubwa. Kibarua wa chini kabisa, mwenye jina la kuingilia tu, angeweza kuangusha serveri nzima.

Tundu lile lilikaa miaka sita. Watu wa kompani ya usalama inayoitwa Qualys njo walilivumbua, na likatangazwa tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 2021 na namba yake, CVE-2021-33910. Dawa? Mistari michache. Kurudia strdup, kuomba nafasi kwenye depo, na kuweka ile alama ya _cleanup_ ili nafasi irudi yenyewe.

Basi yule aliyesafisha alikosa. Hatumuhukumu, na jina lake halitusaidii. Mutu mwenye kuangusha mawe siku nzima, siku moja atagusa lile lililokuwa linashika mengine. Tunauliza kitu kingine: nani alisimama nyuma yake? Leo kule, badiriko linawekwa waziwazi, mwenzako analisoma, anauliza juu ya nini hapa, anakataa, unaandika tena. Na mashini za majaribio zinaliwasha kwenye Linux za namna nyingi mbele halijapokelewa. Mule ndani tuliona watu wawili wanabishana siku kadhaa juu ya mustari mumoja. Mukubwa wa prodiksio angewafukuza wote wawili.

Preavi ya miaka mitatu

Kuna usafi wa namna ingine: kutupa. Huu njo unaleta makelele.

Mufano. Kiini cha Linux kiko na njia ya kufunga programu katika makundi, kusema: kundi hili lisile memoari kupita hapa. Njia ya kwanza iliingia mwaka wa 2008. Ilikuwa na vurugu, na njia ya pili ikakubaliwa mwaka wa 2016. Tangu pale systemd ilibeba zote mbili, na hata ya tatu ya kuchanganya. Kila badiriko lilikuwa lijaribiwe mara tatu. Mwisho wa mwaka wa 2022, kwenye toleo 252, wakaandika: nyuma ya mwaka wa 2023 tutaondoa njia ya zamani. Mwaka wa 2024, toleo 256 likakataa kuwasha mashini kwa njia ya zamani, isipokuwa mutu amelazimisha kwa kuandika neno refu makusudi. Mwezi wa 9 mwaka wa 2025, toleo 258, ikatoka kabisa.

Yale maandishi madogo ya System V nayo, toleo kwa toleo walikuwa wanaonya kama siku zake za kubebwa zinaisha, na tarehe ikawa inasukumwa mbele.

Tulipima hii na macho ya sindika. Preavi ya miaka mitatu, iliyoandikwa, inayosomwa na kila mutu, na ngazi ya katikati ambayo inakushtua mbele ya kukufungia mulango: wandugu, ni wangapi kati yetu walipata preavi ya vile? Lakini upande mwingine, preavi hailipi. Yule mwenye mashini ya zamani kwenye hospitali ao kiwanda, iliyofungwa na njia ya 2008, hakuna mutu atakayemulipia kazi ya kuibadirisha. Wanaosafisha wanasema: hatuwezi kubeba muzigo wa zamani milele kwa bure. Wanaotumia wanasema: ninyi munabomoa ngazi na sisi tungali juu yake. Sisi tunawasikia wote wawili. Kama ni sherti tuchague, tunakuwa na wale wenye kubeba muzigo, juu bega ni lao.

Nusu ya segonde

Na bega likichoka, tuone kinachofika. Kuna programu ndogo inayoitwa xz, kazi yake ni kukandamiza maandishi yawe madogo. Iko karibu kwenye kila Linux. Mutu mumoja njo alikuwa anaitengeneza, miaka na miaka, bila mushahara, saa za kupumzika. Akachoka, na aliandika waziwazi kama ile ni kazi ya kupenda tu, hakuna anayemulipa. Majina yasiyojulikana yakaanza kumusukuma: unachelewa, achia wengine. Na mumoja aliyejiita Jia Tan alikuwa pale, mupole, anasaidia, anatuma kazi nzuri. Miaka zaidi ya miwili. Mwisho akapewa funguo.

Mwaka wa 2024, matoleo mawili ya xz, 5.6.0 na 5.6.1, yakatoka na mulango wa siri ndani. Mulango ule ulilenga ssh, njia ambayo mafundi wanaingilia serveri kutoka mbali. Sasa, ssh haitumii xz. Ilifikaje pale? Debian, Fedora na wengine walikuwa wameongeza mustari ili ssh imwambie systemd: niko tayari. Kwa kusema lile neno moja, ssh ilibeba kisanduku cha vyombo cha systemd, na kile kisanduku kilibeba xz ndani yake, hata kama siku ile hakuna mutu aliyehitaji kukandamiza kitu. Sawa mutu anaitwa kubadirisha ampule, anashuka na sanduku lote la mafundi, na chini ya sanduku kuna baruti ya mwingine.

Andres Freund, fundi wa Microsoft, njo alishtuka. Aliona kuingia kwa ssh kumechelewa karibu nusu ya segonde. Angeweza kusema, njo vile iko, inatembea. Akafuata ile nusu segonde mpaka akafika ndani ya xz, na tarehe 29 mwezi wa 3 mwaka wa 2024 akatangaza kwa wote.

Na wafagizi wa systemd? Mwezi wa 2 wa mwaka ule ule, mbele hakuna aliyejua kitu, walikuwa wamekwisha kupokea badiriko la kupunguza sanduku: chombo sawa xz kiitwe tu saa kinapohitajiwa, si kubebwa kila mara. Lilitoka kwa watu mwezi wa 6, kwenye toleo 256. Walikuwa wanafagia tu, siku ya kazi sawa zingine.

Nani analipa? Wengi wa wale wa kila siku kwenye systemd wako na mushahara wa kompani: Red Hat tangu mwanzo, Microsoft ambako Poettering aliingia mwaka wa 2022, na zingine. Ujerumani ulianzisha mwaka ule ule mufuko wa serikali kwa ajili ya programu za namna hii ambazo wote wanatumia na hakuna anayezilinda, na systemd ni kati ya zile zilizopata. Wengine wangali wa kujitolea. Hatusemi feza ya kompani ni sadaka. Anayelipa fagio anataka pia kuonyesha ni wapi pa kufagia. Lakini kati ya mutu anayelipwa kufagia na mutu mumoja mwenye kuchoka, anayeshikilia paa peke yake usiku, tumekwisha kuona baruti inaingilia wapi.

Siku ya tatu kijana alifungula karatasi moja ya ordinatere yetu inayoitwa fstab. Iko na mistari michache, orodha ya vipande vya diski ambavyo systemd inangojea asubui. Mustari wa mwisho ulitaja kipande cha kusaidia memoari, cha diski ya zamani. Ile diski tuliiondoa sisi wenyewe, ilipoanza kulia. Yule aliyebadirisha hakufuta jina lake. Tangu pale, kila asubui, shefu wa posti alikuwa anasimama mulangoni na kuhesabu segonde 90 mbele ya kukubali kama yule mutu hatakuja.

Kijana akatuuliza: «Papa, nifute?» Tukaangaliana. Mumoja wetu akasema aandike kwanza kwenye daftari ya biro kitu gani amefuta na tarehe gani, na mwenzake asome. Akaandika. Mama sekretere akasoma, akatia sinyatire. Kijana akafuta.

Tuliwasha tena sote tukiwa tumesimama nyuma yake. Mistari ikapita, OK, OK, OK, na ekra ya kuandikia jina ikaja. Mama sekretere akageuka akaangalia jiko. Maji yalikuwa yangali ya baridi.